Maji Yanaingia

Damaris alijua njia moja tu ya kuanzisha dredi, lakini mdomo wake ulijua nne. Mdomo huo ndio uliomponza, na tusimwonee huruma mapema, kwa sababu siku alipoufungua hakuna aliyemlazimisha.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, katika chumba cha kubadilishia nguo cha kliniki moja ya meno huko Oud Metha, Dubai. Damaris alikuwa mfanya usafi hapo: anapiga deki, anamwaga taka, anapeleka chai kwa madaktari. Wanawake wanne walikuwa wameketi na vyakula vyao mapajani, na mazungumzo yakaangukia nywele. Carolyne, mtu wa Kericho aliyekuwa akiosha vyombo vya madaktari, alisema anataka dredi ila hajui zinaanzwaje. Huyu akasema zinasokotwa, yule akasema zinaachwa tu bila kuchanwa mpaka zijifunge zenyewe, na wote wawili walisema kwa sauti kubwa kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika.

Damaris akameza tonge. "Ziko njia nne," akasema.

Akazihesabu kwa vidole. Ya kwanza ni kitana: unashika fungu dogo la nywele, unalizungusha na kitana kutoka kwenye shina mpaka ncha. Ya pili ni kusuka nyuzi mbili mbili na kuziacha, zitafungana zenyewe pole pole. Ya tatu ni kuzirudisha nywele nyuma kwa kitana mpaka zijikamate, hiyo ni ya watu wenye nywele laini. Ya nne ni sindano ya kufumia vitambaa, ile yenye ncha kama ndoano, unayoivuta ndani ya nywele ili zijishone zenyewe, wala hupaki kitu chochote.

"Na zote nimezifanya," akamalizia.

Ukweli ni kwamba zote alizisikia tu. Alizisikia akiwa ameshika ufagio katika saluni moja ya Kenol, kwao Kenya, alikofanya kazi wiki tisa kabla ya kupata viza. Mwenye saluni alikuwa na tabia ya kuwaeleza wateja kila njia kabla hawajakaa kitini, na Damaris, akifagia, akasikia kama anavyosikia mtu mahubiri ya kanisa la jirani. Kazi aliyowahi kupewa kwa mkono wake ilikuwa moja, mwezi wa Desemba, wateja walipozidi: kusokota kwa kitana na nta. Nta hushika upesi. Mteja anaondoka nywele zinang'aa, dredi zimesimama kama za mwaka mzima, na lawama zikija zinamkuta fundi ameshalala kwake.

"Kumbe tuna fundi hapa!" Carolyne akapiga makofi.

Neno hilo lilimwingia Damaris vibaya, yaani lilimwingia vizuri mno. Miaka miwili alikuwa Dubai na madam wa utawala alikuwa bado anamwita "you". Sasa akawa fundi. Wiki hiyo hiyo alimsokota Carolyne kwa nta, kazi ikatoka safi, picha zikatembea kwenye simu za watu mpaka kwa walinzi wa Jebel Ali. Wakaja wengine wawili. Hakuna aliyeuliza mbona fundi wa njia nne anatumia moja tu.

Kisha akaja Fairuz.

Fairuz alikuwa mtu wa mapokezi, mwenyeji wa Kisauni, Mombasa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeita majina ya wagonjwa kwa lugha tatu bila kukosea hata moja. Alikuwa akivaa mtandio kila siku ya kazi, na Damaris hakuwahi kuziona nywele zake. Lakini alimjua vizuri. Wiki yake ya kwanza kazini Damaris aliposhikwa na homa, Fairuz ndiye aliyempelekea uji wa mtama kwenye chupa ya chai, siku tatu mfululizo, akipanda basi mpaka Al Baraha, alikoishi Damaris. Tangu hapo wakawa watu wa kugawana chakula na kuteta.

"Shoga, nywele zangu zinakatika kwa kufungwa kila siku," Fairuz alimwambia. "Na mimi tangu msichana natamani dredi. Mama akinambia ni mambo ya wahuni. Sasa chini ya mtandio nani ataziona? Nataka kitu kimoja kiwe changu mwenyewe."

"Njoo Jumamosi."

"Lakini nambia kweli." Fairuz akamshika mkono. "Hiyo dawa unayotia, maji yanaingia? Mimi nina josho."

Damaris hakujua josho ni nini hasa. Alidhani ni kuoga tu, jinsi watu wa pwani wanavyopenda maneno mazuri kwa mambo ya kawaida. Angeweza kuuliza. Lakini fundi haulizi, fundi anajibu. Akalifikiria lile kopo la nta chini ya kitanda chake, akalifikiria na lile jina jipya, akasema, "Yanaingia, dada. Yanaingia mpaka kwa ngozi."

"Hapo sawa," Fairuz akasema, na akamwamini papo hapo.

Jumamosi ikafika. Chumba cha Damaris kilikuwa na vitanda vinne, wenzake watatu walikuwa kazini. Fairuz alikaa kwenye stuli ya plastiki, akafungua mtandio, na nywele zikamwagika nyeusi, nzito, zikafika mabegani. Damaris alizigawa mafungu arobaini na sita. Kila fungu alilichotea nta kwa mkia wa kitana, akazungusha, akabana.

"Yanukia asali," Fairuz akasema.

"Ni mafuta asilia."

Nta hutoka kwa nyuki, na nyuki ni wa Mungu, kwa hiyo Damaris alijiambia hajasema uongo mzima. Kwa kawaida humwambia mteja asiloweshe kichwa wiki tatu. Siku hiyo sharti hilo alilimeza, kwa kuwa alijua nta haitaachia hata mtu akisimama chini ya bomba saa nzima. Alijua hilo, wala halikumshtua. Mtu anaweza kujua jambo mwaka mzima bila kulitazama usoni.

Fairuz alijitazama kwenye simu, akalia kidogo kwa furaha, akafunga mtandio wake, akaenda.

Mwezi ukapita. Siku moja mchana, katika chumba kile kile cha kubadilishia nguo, Fairuz aliingia ametabasamu mpaka meno ya mwisho yakaonekana. Safari yake ya Umra, ile hija ndogo ya Makka, ilikuwa imekubaliwa. Baada ya wiki mbili angepanda basi la mahujaji mpaka Madina, na mama yake angetoka Mombasa kwa ndege, wakutane huko. Miaka mitatu hawajaonana. Walikuwa wamekubaliana kwamba mara ya kwanza kukumbatiana tena iwe huko na si kwingine.

Wote walimpongeza. Hilwa, Mzanzibari mtu mzima aliyesaidia wauguzi, ambaye Fairuz alikuwa amemwonyesha dredi zake, akamtazama kichwani. "Na hizo nywele zako, mwanangu? Josho lapita?"

"Lapita, bibie. Nilimuuliza fundi kabla sijakaa kitini."

"Josho ni nini?" Carolyne akauliza, na Damaris akashukuru moyoni kwamba si yeye aliyeuliza.

Fairuz akaeleza bila haya, maana walikuwa wanawake watupu. Mwanamke akimaliza hedhi lazima ajitahirishe kwa maji mwili mzima, na maji yafike kila unywele, ndani mpaka shinani. Pakibaki pakavu, josho halikutimia. Na pasipo josho hakuna swala, na huko Makka hakuna tawafu, hata uizunguke Kaaba mara sabini. Na ukishavaa ihramu kuanza ibada ya Umra huruhusiwi tena kukata wala kung'oa unywele mpaka umalize, kwa hiyo kila kitu kinatengenezwa kabla ya kuondoka.

"Ndiyo maana nilimwuliza vile," Fairuz akasema, akimgusa Damaris goti. "Siku zile nilikuwa naogopa. Aliponambia yanaingia, nikapoa."

Damaris akauweka mkate wake chini. Akainuka kama mtu aliyekumbuka ndoo.

Jioni hiyo alifanya jaribio ambalo fundi wa kweli angelifanya kabla ya kumgusa mtu. Kisogoni alikuwa na dredi zake mbili, alizojisokota kwa nta ya kopo lile lile ili mkono uzoee. Akaikata moja, akaitumbukiza kwenye glasi ya maji, akaiacha hapo mpaka ugali ukaiva. Kisha akaipasua katikati kwa wembe juu ya sinki. Nje ilikuwa imelowa. Ndani ilikuwa kavu, imejaa vumbi la kijivu na nyuzi za taulo, zimegandishwa na nta kama utambi ndani ya mshumaa. Akachemsha maji, akajaribu tena na kipande cha pili. Kikavu.

Akasimama pale na uso ukimwaka. Aliona aibu kiasi kwamba alifunika vipande vile kwa gazeti, kana kwamba kuna mtu angeingia avitambue.

Sasa sikiliza alivyofanya, au alivyoacha kufanya. Siku ya pili hakusema. Alijiambia atasema Alhamisi. Alhamisi Fairuz alikuwa na kazi nyingi. Wiki iliyofuata alijiambia labda Mungu wao haangalii mambo madogo hivyo, halafu akaona haya kwa kumsemea Mungu wa wengine ilhali hamjui vizuri hata wa kwake. Akabadilisha zamu na mwenzake ili wasile pamoja. Akiiona lifti ina Fairuz ndani, anapanda ngazi na ndoo yake.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa chumba cha kuswalia. Kliniki ilikuwa na chumba kidogo cha wanawake, zulia la kijani na rafu ya misahafu, na aliyekisafisha alikuwa Damaris. Kila adhuhuri akipita na mashine yake ya kusafishia sakafu alivikuta viatu vya Fairuz mlangoni, vyeusi, vidogo, vimepangwa sawasawa. Alijua mwenye viatu vile amesimama mle ndani mbele ya Mola wake kwa kutegemea neno la Damaris. Siku moja alisimama mlangoni mpaka akamsikia anamaliza, akafungua mdomo, na Fairuz akatoka akimchekea, "Shoga, umenihama?" Damaris akasema, "Kazi tu, dada." Mdomo ule ule uliokuwa na njia nne ulikosa hata moja.

Zilipobaki siku nne, akabuni hila. Hakuwa amezoea kuungama, alikuwa amezoea kusafisha. Akamwambia Fairuz, "Njoo Jumapili nikuoshe nywele. Zawadi yangu ya safari." Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba nta hulainishwa kwa mafuta ya nazi ya moto, ikatolewa kwa sabuni ya vyombo na siki. Ataitoa yote kimya kimya, Fairuz ataenda Umra na nywele safi, na hakuna atakayeaibika. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini Damaris hakutaka kuzaa, alitaka kufichwa.

Fairuz akaja na boksi la haluwa kwa ajili ya chai. Akakaa sakafuni, akaegemeza shingo kwenye beseni lililowekwa juu ya stuli, akafumba macho. Damaris akamwaga mafuta ya moto, akakanda, akamwaga sabuni. Maji yalitoka ya kijivu. Akamimina tena. Yakatoka ya kijivu. Lakini kila akiibana dredi kati ya vidole aliusikia ule ugumu ndani yake, haujasogea. Nje nta ilikuwa imelainika ikashika viganja vyake, ndani ilikuwa imekaa kwake.

"Una mikono mizuri," Fairuz akasema, macho ameyafumba. "Mama atanigombeza kwa hizi dredi, halafu atazipenda. Namjua."

Damaris akaongeza sabuni.

"Nimeandika majina ya watu wa kuwaombea. Wewe nimekuweka karibu na juu. Wallahi, nikisimama mbele ya Kaaba nitalitaja jina lako. Nitasema, ya Rabbi, huyu Damaris fundi wangu, mpe alichonipa."

Mikono ya Damaris ikasimama ndani ya maji.

"Usiseme hivyo," akasema.

"Mbona? Mkristo haombewi?"

"Usiombe anipe nilichokupa." Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu aliye chumba kingine. "Fairuz, maji hayaingii."

Fairuz akafumbua macho.

"Ni nta. Nilikwambia mafuta, ni nta. Maji hayaingii. Hayakuingia siku ya kwanza na hayaingii sasa. Nimejaribu kuitoa leo bila kukwambia, imekataa."

Fairuz akainuka taratibu. Maji yakamtiririka mgongoni, yakalowesha nguo, hakuyajali. Damaris alingoja matusi. Aliyataka hata, matusi yana mwisho. Fairuz hakutukana. Alitazama ukuta, midomo ikicheza, akihesabu.

"Hedhi mbili," akasema. "Tangu ile ya kwanza. Nitoe siku za ile ya pili. Siku ishirini na sita." Akakunja vidole vyote vitano. "Mara tano. Swala mia na thelathini."

"Samahani, dada."

"Nitamuuliza ustadhi, pengine ataniambia ni udhuru, sikujua. Lakini zote nitazilipa." Kisha akageuka, akamtazama. "Na wewe? Ulijua lini?"

Hapa palikuwa na mlango. Damaris aliuona wazi. Angeweza kusema leo. Angeweza kusema, nimejua sasa hivi nilipokuwa naosha, na Fairuz angeamini, kwa kuwa Fairuz alikuwa mtu wa kuamini.

"Siku ile ulipomweleza Carolyne mambo ya josho."

"Hiyo ni karibu wiki mbili."

"Ndiyo."

"Ulikuwa ukipita pale mlangoni na mashine yako."

"Ndiyo."

"Ukiviona viatu vyangu."

Damaris akayatazama maji ya kijivu ndani ya beseni. Kutojua Fairuz angeweza kumsamehe palepale. Hizo wiki mbili zilikuwa kitu kingine, na wote wawili walikijua.

"Leta mkasi," Fairuz akasema.

"Dada, pengine kuna dawa nyingine. Niulize saluni ya—"

"Khalas, Damaris. Leta mkasi. Wewe ndiye utakayekata."

Akakata. Dredi arobaini na sita, moja moja, na kila moja ilianguka kwenye gazeti kwa mlio mzito usio wa nywele. Alipokaribia ngozi ya kichwa akaulaza mkasi ili akate mpaka shinani.

"Usinyoe," Fairuz akasema bila kugeuka. "Niachie pingili moja ya kidole. Nikimaliza Umra lazima nipunguze nywele, na siwezi kupunguza nisichokuwa nacho."

Miaka sita nywele zile zilikuwa zikikua. Damaris aliacha pingili moja ya kidole. Hapo zikiwa fupi nta ilitoka, kwa mafuta na kitana cha meno membamba, fungu kwa fungu, mpaka maji yakatoka meupe na nywele zikawa laini chini ya kidole. Fairuz mwenyewe akapitisha mkono kichwani mara tatu, akanusa vidole. Kisha akachukua taulo, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Maji yalisikika muda mrefu. Yalikoma, yakaanza tena. Damaris alikaa ukingoni mwa kitanda na lile gazeti mapajani, akiyasikiliza. Uzito wa zile dredi ulimshangaza.

Fairuz alitoka amevaa buibui, uso umeosheka. Hakuuliza kibla kiko wapi, alitazama kwenye simu yake. Aliuliza shuka safi tu, na Damaris akatoa ile mpya ambayo hakuwahi kuilalia. Fairuz akaitandika kati ya vitanda, mahali pekee palipokuwa na nafasi. Damaris akataka kutoka, lakini ili afike mlangoni ingembidi apite mbele ya mtu anayeswali, na hilo alijua halifai. Kwa hiyo alibaki pale pale kitandani, miguu ameikunja juu ili isiguse shuka.

Fairuz akaswali adhuhuri. Akatoa salamu. Kisha akasimama tena, akaanza deni. Akamaliza, akasimama tena. Akasimama tena. Damaris alijaribu kuhesabu kwa vidole alivyohesabia njia zake nne, vidole vikamwishia. Hakulia. Aliona hana ruhusa ya kulia mbele ya mtu aliyekuwa akifanya kazi namna ile kwa ajili ya neno lake moja.

Adhana ya alasiri ilipolia kutoka msikiti wa mtaa, Fairuz aliswali hiyo pia, akakunja shuka pembe kwa pembe, akaiweka juu ya kitanda. Akafunga mtandio wake. Chini yake kichwa kilionekana kidogo, kama cha msichana wa shule. Alivaa viatu vyake mlangoni.

"Haluwa kuleni," akasema. "Sikuileta irudi."

"Fairuz."

"Jina lako nitalitaja," Fairuz akasema, mkono kwenye kitasa. "Nimeshaahidi, na ahadi ni deni. Lile neno fundi nitaliacha hapa."

Akaenda. Hatua zake zilisikika zikishuka ngazi, zisizo na haraka.

Damaris akakaa. Baadaye akalivuta lile kopo la nta kutoka chini ya kitanda, akalitia kwenye mfuko wa taka pamoja na siki na mkasi, kisha mkasi akautoa kwa sababu atauhitaji. Akachukua simu. Walikuwa wamebaki watatu, na wa kwanza alikuwa Carolyne, aliyekuwa akimtumia ujumbe tangu asubuhi: Fundi, kichwa kinaniwasha hadi sioni, ni kawaida?

Akampigia. Carolyne akapokea kwa kelele, "Fundi wangu!"

"Usiniite hivyo," Damaris akasema. "Carolyne, ile siku niliwaambia najua njia nne. Najua moja tu, na hiyo moja ni mbaya. Njoo leo nikutoe hizo dredi."